Mkasi Kwenye Shairi la Jubilei

Nilifundisha Kiswahili shule ya msingi mpaka nikastaafu, na hapa Milanzi watu wananijua kwa jambo moja zaidi: ndoa ikifikisha jubilei, wanakuja kuniomba shairi. Sitoi shairi lenye mizani pungufu. Nahesabu silabi kwa vidole, na mke wangu ananisema kwamba hata kanisani, padri akihubiri, vidole vyangu vinacheza.

Sasa fikiria nilivyojisikia binti yangu aliposhika mkasi na kulikata shairi langu huku namtazama.

Alikuwa amekuja likizo kutoka chuoni Dar es Salaam, anakosomea sanaa. Ilikuwa Jumapili baada ya misa, tumekaa uani: mimi, mama yake, na dada yangu mkubwa, ambaye alihama kutoka Kasanga, kando ya ziwa, alipofiwa na mumewe akaja kuishi kwetu. Binti aliniomba nakala ya shairi nililowatungia majirani kwa jubilei yao. Nilifurahi, nikidhani anataka kulipeleka chuoni wakaone kazi. Lilianza hivi: Ndoa chombo cha wawili, makasia yake pendo. Nane kwa nane, halina kasoro.

Akalikata, kwanza mstari mstari, kisha neno neno. Vipande vikaangukia kwenye ungo ambao mama yake alikuwa ametoka kupepetea ulezi. Nilibaki na kikombe cha chai mkononi. Sikunywa wala sikukiweka chini.

Nikamuuliza ni kitu gani kile. Akasema ni sanaa ya Dada.

"Dada wa nani?"

Mama yake alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Binti akanieleza taratibu kwamba ni jina tu, walilojipa vijana wa Ulaya wakati wa vita kuu ya kwanza. Waliona maneno yaliyopangwa vizuri, hotuba na nyimbo, ndiyo yaliyowapeleka wenzao kufa, basi wakaamua kuyavunja maneno yenyewe. Akaongeza kuwa msanii mmoja wa enzi hizo alipeleka sinki la kukojolea kwenye maonyesho, akaliita sanaa. Nilishtuka kuliko mwanzo. Akajaribu kunituliza kwamba lilikuwa jipya, halijatumika. Nikamwambia hilo halisaidii kitu.

Akafumba macho, akatikisa ungo, akaokota vipande na kuvisoma: pendo, la, wawili, na, na. Hapo nikapumua. Nikasema hata kuku wetu wanaweza utunzi huo. Tuwamwagie mahindi juu ya ungo tuone watakachodonoa. Akacheka, akaokota tena.

"Makasia nyumbani," akasoma. "Yake ziwa."

Dada yangu alikuwa anamenya viazi. Kisu kikasimama. Akamwomba arudie, na binti, bila kujua anachofanya, akarudia.

Shemeji yangu alikuwa mvuvi. Alitoka asubuhi moja na mtumbwi wake kwenda ziwani, asionekane tena. Hayo tuliyajua sote. Zaidi ya hapo dada hakuwa amesema neno, na sisi hatukumuuliza. Siku ile akaanza kuzungumza, tena kwa Kifipa, lugha ya kwetu, polepole, huku anatazama viazi. Alisema waliouona mtumbwi ukielea mtupu walimletea makasia, wakayaegemeza ukutani kwake, wakaondoka bila kumsalimu, kwa kuwa hakuna aliyejua aanzie wapi. Alishindwa kuyatazama. Msiba ulipojaa watu na kuni zikapungua, aliyatia motoni, akayapikia ugali watu waliokuja kumlilia mumewe.

"Wote walikula," alisema. "Mimi pia nilikula."

Mke wangu alimsogelea akamshika mkono. Binti alikuwa analia na kuomba radhi, anasema hakukusudia, ni bahati tu ya vipande. Shangazi yake akamwambia aache kulia, akamwomba vile vipande vinne, akavifunga kwenye pindo la kanga yake.

Kisha akanigeukia mimi. "Ulilosoma jubilei nililipigia makofi kama wengine, mdogo wangu. Hili limenifikia."

Jioni nilimwambia binti kwamba bahati si ufundi, na kwamba hata saa iliyokufa husema kweli mara mbili kwa siku. Akanijibu hajawahi kuuita ufundi. Nilikwenda na ungo nyuma ya nyumba nikajaribu mwenyewe, nikaokota vipande mpaka vikaisha. Nilipata upuuzi mtupu, na nakiri nilifurahi.

Lakini yale maneno mawili yalinikaa. Kesho yake, nikipalilia shambani Kasense, niliyahesabu. Makasia nyumbani: mizani saba. Imepungua moja. Niliporudi nikampelekea dada yangu marekebisho, "makasia ya nyumbani", mizani nane kamili, nikamwambia kwa msingi huo naweza kumtungia shairi zima la kumkumbuka shemeji.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ya nyumbani ni makasia mengine," akasema. "Hayo sikuyachoma mimi. Liache."

Nikaliacha na saba zake, nikaenda kunawa mikono.