Mke Wangu Hajaambiwa

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize. Haya yamenitokea mimi, hapa Kigombe, mchana kweupe, jua likiwa utosini. Sikuwa nimelala, sikuwa na homa, na uchawi siujui. Nimekaa nayo moyoni mpaka nimechoka, na leo nina hasira, kwa hiyo nisikilize tu.

Kwanza ujue kazi yangu. Mtu akifa hapa kwetu, awe baharini au barabarani, na mkewe yuko nyumbani hana habari, naitwa mimi nikamwambie. Hakuna aliyenipa kazi hiyo; ilianza nilipofiwa na mume wangu, watu wakaona nina moyo. Naingia, nakaa naye chini, namshika magoti, nasema, "Mwenzangu, jikaze." Akianza kukaa eda, mimi ndiye ninayempelekea chakula na kumsikiliza. Siku hizi nikipita asubuhi nimevaa buibui, wanawake wanashika vifua milangoni: "Yarabi, leo zamu ya nani?" Hata nikiwa nakwenda kununua chumvi.

Sasa kuna kijana mmoja. Jina lake silitaji, mdomo wangu nautunza. Anakaa Usagara, mjini, na huku huja kwa shangazi yake na pikipiki na bunduki ya upepo. Njaa hana. Anapiga ndege kwa sababu tu ndege yupo. Siku hiyo nilimkuta kibandani kwa muuza chapati akijisifu kwamba amempiga hondohondo dume, kwenye mkwaju mkubwa ule wa nyuma ya mashamba ya mkonge. Alimpiga akiwa ameng'ang'ania tunduni, anamlisha mkewe.

"Kwani jike yumo ndani?" muuza chapati akauliza.

"Yumo. Si atafute mume mwingine!" Akacheka, na wenzake wakacheka.

Labda hondohondo humjui. Jike akitaka kulalia mayai huingia ndani ya tundu la mti, mlango ukakandikwa udongo, ukaachwa ufa mwembamba tu. Mle ndani hunyonyoka manyoya, hata kuruka hawezi. Chakula chake chote, na cha watoto wakianguliwa, huja na mdomo wa mumewe, tunda moja moja, kutwa nzima. Ndiye huyo aliyepigwa. Na alipoanguka hakufa. Yule kijana alimkata mdomo akiwa hai, ule mdomo mwekundu wote, akaufunga kwa waya kwenye usukani wa pikipiki uwe urembo, na mwili akautupa kichakani. Hai, unanisikia? Na alikuwa akisimulia huku anatafuna chapati.

Nikamwambia, "Wewe mtoto, huna hata haya?"

"Shikamoo, mama," akanijibu, kwa ile sauti ya kebehi. Kicheko kikazidi. Niliziacha chapati zangu pale pale.

Kesho yake mchana nilikuwa barazani nachambua choroko. Nikasikia hodi. Sauti ya kukwaruza, ya mtu anayevuta pumzi kwa taabu. Kuinua uso, namwona mwanamume mrefu, kanzu nyeupe, juu yake koti jeusi, na kitambaa amejifunga kuanzia puani mpaka kidevuni. Nikadhani jino linamsumbua. Nikamkaribisha akae, hakukaa.

"Dada, ni wewe unayewaambia wake za watu?"

"Ni mimi. Nani amefariki?"

"Mke wangu hajaambiwa."

Nikasema huyu msiba umemchanganya, hutokea. Nikamuuliza tena, taratibu, aliyefariki ni nani.

"Mke wangu hajaambiwa, dada. Yuko ndani, mlango umezibwa. Ana watoto. Kikigusa kitu mlangoni, anadhani ni mimi."

Nikamjibu, sijui hata kwa nini nilimjibu vile, "Basi nenda nyumbani, baba. Mpelekee chakula."

Hapo akashusha kitambaa.

Niamini. Chini ya macho yake hapakuwa na kitu. Pua hakuna, midomo hakuna, ni nyama mbichi iliyokatwa, na ulimi unacheza nje. "Nitambebea na nini?" akaniuliza.

Choroko zote chini. Nilipopata nguvu ya kutazama tena, baraza tupu, na jirani yangu aliyekuwa akianika nguo pale mbele ananiuliza naongea na nani.

Wewe ungefanya nini? Ungekimbilia kwa shehe? Mimi niliogopa, sikatai, lakini hofu haikukaa. Ilikuja hasira. Mtu anauawa mlangoni kwa mkewe, halafu maiti inahangaika yenyewe kutafuta mpeleka habari! Nikavaa buibui langu, nikachukua papai bivu, nikaenda mkwajuni.

Tundu lilikuwa juu kidogo ya kichwa changu. Nikasogeza jiwe, nikapanda. Nilipogusa ule udongo, mdomo ukatoka haraka ufani, ukapapasa kidole changu, ukarudi ndani. Alijua si mumewe.

Nikasema kama ninavyosema siku zote. "Mwenzangu, jikaze. Mumeo hatunaye. Wamemuua hapa hapa mlangoni kwako. Amekuja mwenyewe kuniagiza."

Kisha akalia. Nimesikia vilio vingi katika kazi yangu, na kile nakijua: ni cha mwanamke aliyejiziba kwa kanga ili watoto wasisikie. Nami nililia, mtu mzima, juu ya jiwe, na papai mkononi. Baadaye vitoto vikaanza kelele za njaa. Mdomo ukatoka tena, ukapokea.

Basi nikamhudumia eda yake. Ndiyo, eda, niite utakalo. Kila siku nilikwenda na papai, na kuyu, na panzi niliowakamata kwa kanga huku watu wakinicheka. Nilimfuata pia yule kijana nikamwambia, "Nipe huo mdomo nikauzike."

"Bi mkubwa, umeanza kuzika ndege? Kesho utawasomea kuku khitma!" Akawasha pikipiki, akanitimulia vumbi usoni. Mdomo wa mume wa mtu unaning'inia, unagonga usukani.

Siku moja nikakuta udongo umebomolewa kwa ndani, tundu tupu, mama na watoto wameruka. Nikamshukuru Mungu, nikarudi kwa njia ya kibandani. Nikakuta watu wamesimama. Pikipiki iko pale, na juu ya usukani ametua hondohondo jike, manyoya mapya, kuyu mdomoni. Analitia lile kuyu kwenye ule mdomo uliokatwa. Linaanguka. Anashuka, analiokota, anapanda, analitia tena. Linaanguka tena. Anamlisha mumewe! Yule aliyemlisha gizani siku zote zile, sasa zamu ya mke, na mdomo hauna koo.

Kijana akapiga kelele, akarusha jiwe. Ndege akaruka, akarudi na kuyu lake. Safari hiyo hakucheka mtu. Muuza chapati aligeuka ukutani akajifuta macho. Kijana akaukata ule waya, akautupa mdomo mchangani. Niliuokota mimi, nikauvika kitambaa cheupe, nikauzika chini ya mkwaju.

Mgeni wangu hajarudi tena. Jike bado yupo, peke yake. Mume mwingine hajatafuta. Na mimi mpaka leo nikisikia hodi ya kukwaruza mchana, natazama kwanza mdomo wa mtu.

Unadhani yule kijana alipatwa na nini? Hakupatwa na kitu! Mzima, amenenepa, bunduki bado anayo begani. Ameoa huku huku kwetu, msichana mzuri, mwenye adabu, kila akipita ananiamkia. Hajui lolote. Siku ya mumewe ikifika nitaitwa mimi, na nitakwenda, kwa sababu yeye hana kosa. Nitakaa naye chini, nitamshika magoti, nitamwambia ajikaze. Na habari nitaianzia kwa yule ndege.

Wewe nawe unayenisikiliza, kama una bunduki ya upepo nyumbani na unaona ndege ni mchezo, fikiria atakayekwenda kumwambia mkeo. Hapa kwetu ni mimi.