Korongo na Kolongo

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya leseni, ofisi ya biashara hapa Ngara, nikashuhudia ugomvi wa herufi moja.

Mama mmoja wa Murusagamba alisimama mbele ya ofisa, mgongo wima. Yeye, mumewe na watoto wao huvaa mavazi ya ndege na kuwachekesha watoto kwa nyimbo siku za mnada. Wanajiita Familia ya Korongo, na jina hilo wamelisajili pamoja na nyimbo zao. Sasa bwana mmoja mwenye kibanda alikuwa akiuza nyimbo hizo hizo kwenye flashi, juu kaandika Familia ya Kolongo.

"Shikamoo mama," bwana huyo, aliyeitwa naye mezani, akaanza kwa upole.

"Marahaba. Sauti ya mume wangu imeingiaje kwenye flashi yako?"

"Mama, ya kwenu ina r, ya kwangu ina l. Hizo ni familia mbili."

Ofisa akayaandika majina yote mawili kwenye karatasi, akamsukumia. "Hebu yasome kwa sauti."

Bwana akakohoa. La mama akalisoma Kolongo. La kwake akalisoma Korongo.

Mama akapiga makofi. "Mmesikia? Hata akiita lake, linaitika langu!"

Ofisa akaagiza flashi zote ziletwe mezani.

Sisi wa huku tumechekwa sana mijini kwa kuchanganya l na r. Atakayenicheka tena nitamwambia, kifua mbele, kwamba ulimi huu umeshakamata mwizi.