Marobota Yenye Joto

Hamdiya binti Metwalli bin Shalabi, wa Kafr Zahran, ni mjukuu wa yule Shalabi aliyechimba mfereji wa mji kwa jembe lake, na binti wa Metwalli aliyebeba robota la pamba mgongoni toka kiwandani hadi stesheni bila kutua. Yeye mwenyewe aliingia kiwanda cha pamba ana miaka kumi na miwili, amevaa kandambili za kaka yake. Alichambua pamba, akashona magunia, akamtoa nje mbele za watu mfanyabiashara aliyeficha mchanga kwenye mzigo, na akawa mwanamke wa kwanza kushika funguo za ghala. Wakurugenzi wanne waliingia mbele ya macho yake. Watatu aliwaona wakitoka.

Mambo ya kuongoza watu hakufundishwa darasani, maana darasa lake liliishia la sita. Aliwatazama hao tu. Wa kwanza, Mzee Wasif, alikuwa akiingia kwa mlango wa ghala, na mtu akimletea habari mbaya alisimama akampisha kiti chake. Wa pili alikuwa mtu wa kufoka. Watu wakamdanganya kwa woga, hata mkanda wa mashine ukamkata mtu mkono, na wote walijua mwezi mzima kwamba una ufa. Wa tatu aliwaogopa wakubwa wa Kairo kuliko mashine, na hakuna lolote alilotia saini.

Wa nne, Mhandisi Nazih Tahawi, alikuwa mtu mwema, na hapo ndipo hofu ya Hamdiya ilipoanzia. Alijua majina ya watoto wa wafanyakazi. Sikukuu aligawa nyama. Lakini neno baya hakulitaka kabisa. "Ukilitaja, umeliita," alikuwa akisema. Watu wa Kafr Zahran wana tabia hiyo toka utotoni: useme tu dari hili litaanguka, nyumba nzima inakwambia tema hilo neno. Zamani ilikuwa tabia ya majumbani. Nazih aliileta kiwandani akaipa meza na kiti.

Jumamosi moja ya Januari, baridi kali, wanawake sitini wa chumba cha kuchagulia pamba walikuwa wanakula mkate na maharage. Chumba kile kina mlango mmoja, nao unapitia ghalani, na pande zote mbili za njia marobota yalikuwa yamepangwa hadi dari. Rajaa, mchekeshaji wao, alikuwa ameegemea robota, macho kayafumba.

"Njoo ukae hapa, Mama Hamdiya. Marobota ya mwaka huu yana baraka. Mgongo wangu umepona."

"Mumeo akisikia atahamia huku," akasema mwenzake.

"Aje. Afadhali robota, halikoromi."

Wakacheka. Hamdiya akaweka kiganja. Robota la kwanza baridi, la pili baridi, la tatu lina joto kama mkate uliotoka tanuri. Akaliinamia akanusa. Moshi haukuwepo. Ilikuwa harufu ya kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi.

"Kamalizieni kula uani," akasema.

"Kwenye baridi hii?"

"Uani, Rajaa. Na mashali yenu chukueni."

Aliposoma namba, robota lile lilikuwa la Jumanne. Akaenda moja kwa moja kwa Bayumi, anayeendesha mashine ya kutoa mbegu, akamkuta anapaka grisi.

"Jumanne kulitokea nini?"

"Hakuna kitu, mama."

"Bayumi, mimi ndiye niliyekupokea hapa, pua inakutoka kamasi. Kulitokea nini?"

Bayumi akaweka kopo la grisi chini. "Jiwe liliingia kwenye meno ya mashine. Cheche zikaruka, moja mbili. Nikasema Mungu apishe mbali, nikaendelea."

"Hukumwambia mtu?"

"Wiki nzima wanapamba kiwanda, mwenyekiti wa kampuni anakuja kutoka Kairo kuzindua mashine mpya. Ningekwenda kwa Mhandisi kumwambia habari za moto?"

Cheche ikishindiliwa ndani ya robota haifi. Inakaa katikati, inakula polepole, siku tano, siku kumi, na nje pamba ni nyeupe vilevile. Siku robota likipasuka, halisubiri mtu atafute mlango.

Ofisini Mhandisi Nazih alikuwa anafungwa tai na katibu wake. Chini ya dirisha ndama wa kuchinjwa kwa ajili ya mashine mpya alikuwa amefungwa kwenye nguzo, analia.

"Mama wa kiwanda, karibu. Leo umeleta furaha gani?"

"Marobota ya Jumanne yana moto ndani, Bwana Mhandisi. Naomba watu wayatoe uani sasa hivi."

Katibu akatema mate pembeni, tfu tfu. Nazih akatabasamu kama anavyotabasamiwa mgonjwa. "Umeona moto?"

"Nimegusa joto."

"Umegusa joto. Mgeni anafika saa sita, nami nijaze uani marobota yaliyopasuliwa? Kesho, mama. Na wale wanawake uwarudishe ndani, mwenyekiti atapenda kuwaona kazini. Umechoka wewe. Nimekuwa nikisema muda mrefu, umri huu wako ni wa kulea wajukuu."

Hamdiya akashuka ngazi. Akafunga chumba cha wanawake kwa kufuli, tupu, funguo akazitia kifuani. Kisha akawaita wachukuzi.

"Marobota ya Jumanne yote, uani."

"Nani kaamuru?"

"Mkurugenzi."

Uongo wake wa kwanza kiwandani kwa miaka arobaini na mmoja.

Wakapasua la kwanza kwa shoka: jeupe. La pili jeupe. Kufika la saba watu walianza kucheka, na aliyecheka zaidi alikuwa katibu, aliyeteremka kuona. Hamdiya aliwaonyesha robota linalofuata. Alikuwa akiomba moyoni awe amekosea, na hapohapo akijua kwamba akikosea, hakuna mwanamke atakayesikilizwa tena mahali pale. Nazih akaja mbio, tai imemkaa upande.

"Funguo, Hamdiya."

Akazitoa, akaziweka mkononi mwake. "Chukua. Lakini Bayumi apasue moja tena."

Bayumi hakungoja jibu. Aliinua shoka, akalipiga la nane. Katikati ya weupe ule palikuwa na shimo jeusi, kubwa kama ngumi, kingo zake nyekundu. Upepo ukaingia. Wekundu ukapanuka, ukarudi, kama kitu kinachovuta pumzi, kisha ndimi za moto zikapanda juu ya vichwa vya watu. Rajaa akajigusa mgongo taratibu. Ndama alikata kamba akakimbilia barabarani, wala hakuna aliyemfuata.

Walimwaga maji robo saa kabla moto haujalala.

"Ya Jumanne ni mangapi?" Nazih akauliza.

"Tisini. Hapa yapo sitini. Thelathini yaliondoka Alhamisi kwa treni kwenda Aleksandria."

Kila mtu pale alilijua ghala la bandarini, na alijua kwamba walinzi wake, Januari, hulala juu ya marobota kwa sababu ya baridi.

"Mgeni yuko njiani," Nazih akasema. "Akishaondoka, katibu atapiga simu."

Hamdiya akamshika mkono wa koti, kitu ambacho hajawahi kumfanyia mkurugenzi yeyote, akampandisha ngazi mpaka mezani kwake. Nje honi ya gari ikalia getini, mara mbili. Akainua mkonga wa simu, akampa.

"Katibu wako hataaminiwa. Utapiga wewe, kwa mdomo wako," akasema. "Salamu ziache. Sema kuna moto, kisha uwasomee namba zote thelathini, na usiikate simu mpaka wakuhesabie walinzi wao mmoja mmoja, wamesimama nje."