Mgongo wa Mama Msimu wa Ngoro

Kwetu milimani, upande wa Litembo, mwanamke akisema mwezi wa tatu kwamba mgongo unamuuma, hakuna anayegeuka kumtazama. Ni msimu wa ngoro. Wanaume hufyeka majani na kuyapanga mteremkoni miraba miraba, kama nondo za dirisha. Wanawake huchimba shimo katikati ya kila mraba, na udongo unaotoka huyafukia yale majani yawe matuta ya kupandia maharage. Mteremko wenyewe umesimama kiasi kwamba kuku akitaga shambani, yai unakwenda kulidaka barabarani. Unainama asubuhi, unanyooka jioni, na ukinyooka jirani anadhani umefungua mlango wenye kutu. Huo ndio mgongo wa ngoro, na dawa yake ni kulala.

Kwa hiyo mama yangu alipolalamika, wenzake wa kikundi cha kulimiana kwa zamu walimcheka tu.

"Kwani migongo yetu ni ya mpira?" mwenyekiti wao akamwambia. Ni mama mwenye sauti inayosikika mpaka kijiji cha Ukata. "Chimba, dada. Ukikaa utaota uyoga."

Mama akacheka, akachimba.

Mama yangu huyu alikuwa amekatwa titi la kushoto miaka kadhaa nyuma, kwa saratani. Aliwekewa dripu za dawa kali, nywele zikapukutika, zikaota upya nyeusi kuliko zangu. Tukafanya misa ya shukrani na wali ulioshibisha vigango vyote vya jirani pamoja na mbwa wao. Habari ikaishia hapo. Nani angeunganisha titi na mgongo, wakati jembe lipo mkononi na jibu linalo lenyewe?

Mimi riziki yangu ni kupandisha usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, kutoka Mbamba Bay hadi sokoni Mbinga. Nimepandisha wengi mpaka nahisi kina cha ziwa kimepungua. Jumapili moja nilipita nyumbani, nikamkuta mama kiti kimemganda, mikono ameikaza pembeni kama anayetaka kuinuka lakini hainuki. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, hakuna aliyekwenda shamba.

"Shikamoo, mama. Mgongo vipi?"

"Marahaba, baba. Upo."

"Si hamjalima wiki nzima?"

"Ndiyo nashangaa. Nikilala ndiyo kwanza unaamka."

Hapo nikashtuka. Mimi kidato cha nne nimekimaliza kwa masomo ya jioni, nikiwa na ndevu na watoto, na biolojia niliifaulu mpaka mwalimu akasahihisha upya akidhani amekosea. Lakini hili halikuhitaji cheti. Mgongo wa ngoro hupumzika mwenyewe akipumzika. Huu ulikuwa unafanya kazi hadi sikukuu. Jirani alikuwa ameahidi kuja kumkanda kwa kisigino, kama wanavyofanyiana. Nikamwomba asubiri kwanza. Bodaboda nikaikataa, maana njia ile ina mashimo ya kuzamisha lori la makaa ya mawe la mgodi wa Ngaka. Nikakodi pikapu ya kubebea kahawa kumpeleka hospitali, mama akakaa mbele kama mkuu wa mkoa.

Baada ya vipimo, vingine vya hospitali kubwa ya mbali, daktari alitukalisha. Alikuwa dada kijana, mpole. Kwenye picha, pingili mbili za uti wa mgongo zilionekana zimefifia kingoni, kama mkate ulioonjwa na panya.

"Mama, hii ni ile saratani ya titi. Imehamia kwenye mfupa."

"Titi si mlilikata, mwanangu?"

"Tulilikata. Lakini kabla ya hapo chembe zake zilishatoka, zikapita kwenye damu na kwenye njia za mitoki. Nyingi hufa njiani. Chache hufika kwenye uboho, ndani ya mfupa, zikajificha. Zinaweza kulala miaka, hakuna anayejua."

"Na zikiamka zinakula nini?"

Daktari akavuta kiti karibu. Akatueleza kwamba mfupa si jiwe. Humo ndani kuna chembe za mwili zinazobomoa mfupa uliochakaa na nyingine zinazojenga mpya, siku zote za maisha, na zikienda sawa mfupa unabaki imara. Saratani ikiamka huwachochea wabomoaji wapitilize. Mfupa unapobomoka, vitu vya kukuzia vilivyohifadhiwa ndani yake vinaachiliwa, saratani inavila, inanenepa, inachochea tena.

Mama alitazama picha kwa muda. "Kama majani chini ya tuta," akasema. "Yanaoza, maharage yanakula."

"Hivyo hivyo, mama. Ila haya maharage hatuyataki."

"Yang'oeni."

"Kuyamaliza yote hatuwezi, sikudanganyi. Tunaweza kuyanyima chakula."

Akataja vidonge vya kuzuia homoni inayoilisha saratani ya aina yake, dripu ya kuwatuliza wabomoaji, na mionzi ya mgongoni ya kupunguza maumivu. "Wapo wanaoishi na hali hii miaka. Wanatembea, wanapika, wanagombana na wakwe zao. Ila jembe basi, mama. Na ndoo kichwani basi. Pingili hizi zikivunjika zitabana mishipa ya fahamu, na miguu inaweza kukataa."

Neno saratani mama alilipokea kama salamu. Neno jembe ndilo lililomtoa machozi.

"Nikae tu nipikiwe," aliniambia garini, "kama mgeni kwenye nyumba yangu?"

Dawa zilifanya kazi vizuri mno, na hapo ndipo nilipoogopa hasa. Baada ya mionzi maumivu yalishuka, na asubuhi moja nikamkuta amejifunga kanga kiunoni, jembe begani.

"Hauumi tena," akasema. "Najisikia kama msichana."

"Mama, zamani maumivu yalikuwa yanakukataza. Sasa nani atakukataza?"

"Na zamu yangu kwenye kikundi?"

"Nipe jembe. Nitachimba mimi."

Alinitazama kama niliyesema nitanyonyesha. Mwanamume kwetu hufyeka. Kuchimba ngoro ni kwa wanawake. Lakini jembe aliliachia, pengine ili apate kichekesho.

Nilipofika shambani wanawake waliketi chini kwa kucheka.

"Msomi, hilo ni shimo au unazika mbuzi?"

"Mwacheni," akasema mwenyekiti. "Zamu ya dada yetu iko pale pale. Yeye alete miguu, huyu alete mikono."

Huo ndio mkataba wetu hadi leo. Nimechimba kwa kila mama wa kikundi kile, na viganja vyangu vimeota sugu, sasa vinaweza kupigia mswaki farasi. Dripu anaendelea nayo, na kwenye picha ya mwisho zile kingo zilikuwa zimeanza kurudi nyeupe. "Mfupa unajijenga," daktari akasema, "tuendelee hivi hivi."

Msimu huu, siku ya zamu, mama ananitangulia mlimani, hana mzigo, hana fimbo. Nikisimama kupumua ananigeukia.

"Twende, baba. Wenzangu wananisubiri."