Barua ya Kumwomba Radhi Bibi

Miaka ishirini na mbili Mama Taipu amechapa kesi za watu pale mahakamani, na hakuna kinachomchefua kama kijana mwenye wakili wa bei. Kama huyu wa jalada la sasa, ambaye wakili wake alimwita eti mtoto. Mtoto gani huyo mwenye ndevu, aliyemvunja mlinzi wa ghala mguu kwa nondo gizani, tena kwa nyuma? Alikiri siku ya kwanza, shahidi hakuitwa hata mmoja, akapewa kifungo cha nje cha miezi sita akale kwa mama yake. Hakimu alisema ameguswa na barua yake ya toba. Ameguswa, maskini ya Mungu.

Serikali ikakata rufaa ili adhabu iongezwe. Kila Jumatatu mlinzi alifika masjala na gongo lake kuuliza, akijibiwa, "Subiri, mzee, jalada linachapwa." Mchapaji ni mmoja tu, na siku za kuliwasilisha zilikuwa zinayoyoma.

Mama Taipu alipofika kwenye ile barua, vidole viligoma. "Najutia nilivyomkosea bibi yule, ambaye ni sawa na mzaa mama yangu." Bibi? Mlinzi ana masharubu kama brashi ya viatu. Akafukua makabati mpaka akaipata kesi ya mwaka juzi, ya kijana aliyempora bibi kizee mkoba. Wakili yule yule, barua ile ile, mpaka nukta. Hakimu kaguswa mara mbili na karatasi moja, na hakuisoma hata mara moja.

Akampelekea mwendesha mashtaka. Bwana mkubwa hata macho hakuinua. "Mama, kazi yako kuchapa."

"Haya, baba," akasema, na moyoni akamtukana vizuri. Akachapa bila kugusa herufi. Ila alipopanga kurasa, barua aliiweka juu kabisa, ambapo hata mvivu angeiona.

Siku ya rufaa alijipenyeza akaketi benchi la nyuma, kando ya mlinzi. Jaji, mama mtu mzima, alifungua jalada, akasoma, akavua miwani.

"Barua hii uliiandika mwenyewe?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Kwa machozi."

"Uliyemkosea yupo humu ndani?"

Kijana akaangaza chumba kizima. Macho yakapita kwenye masharubu, yakapita kwenye gongo, yakatua kwa Mama Taipu. Akainamisha kichwa kwa adabu zote alizofundishwa.

"Yule pale, mheshimiwa. Bibi, nisamehe."

Mlinzi akashika gongo lake, akasimama taratibu.