Viatu vya Awiti Wakati wa Sala

Mwanzoni mwa muhula wa tatu, mwaka 1957, Bodi iliyosimamia shule yetu ya Riruta ilitangaza kwamba sala ya asubuhi ni haki ya kila mtoto, na kwamba, ili haki hiyo isimuudhi mtu yeyote, itatolewa kwa namna isiyofanana na ya dhehebu lolote. Wanafunzi watasimama. Watafumba macho. Mwalimu mkuu atasoma sala iliyoidhinishwa, yenye mistari minne, ambayo kamati ya wachungaji watatu na padri mmoja ilikuwa imeipunguza kutoka mistari kumi na saba. Hakuna mwanafunzi atakayeonyesha dini yake kwa vazi, kwa ishara wala kwa tendo.

Waraka huo ulibandikwa kwa uji wa unga wa ngano kwenye mlango wa darasa kubwa, na mbuzi wa jirani akala kona ya chini, iliyokuwa na tarehe na sahihi. Maneno yenyewe yalisalimika.

Zedekiah, fundi viatu, hakuusoma, kwa sababu alikuwa mjini. Kila siku isipokuwa Jumapili aliendesha baiskeli kutoka Riruta hadi River Road, akaketi kwenye baraza ya duka la ngozi la Pritam Singh, akashona viatu vya makarani. Alikuwa amekuja kutoka Alego mwaka 1954, wakati Serikali ilipowaondoa Wakikuyu wengi mjini na baada ya wiki chache ikagundua kwamba viatu vya makarani bado vinachakaa.

Alisali katika kanisa la watu wa Roho, wanaovaa kanzu nyeupe na kuvua viatu kabla ya kusali, kama Musa alivyoagizwa mbele ya kile kichaka. Kushinda siku nzima akiwavisha watu viatu na kuvua vyake jioni hakukumsumbua hata kidogo.

"Mungu hakumwambia Musa atupe viatu," alipenda kusema. "Alimwambia avue. Maana yake Musa alikuwa navyo."

Binti yake, Awiti, alikuwa navyo pia. Alikuwa darasa la nne, na katika shule nzima ndiye mwanafunzi pekee mwenye viatu: vya kahawia, vilivyoungwa kwa vipande vya ngozi vilivyobaki dukani, cha kushoto kikiwa kimekolea kidogo kuliko cha kulia. Kila asubuhi, sala ilipoanza, alifungua kamba, akaviweka kando yake, akafumba macho. Kwa miaka mitatu hakuna aliyeliona jambo hilo isipokuwa msichana aliyesimama karibu naye, ambaye aliitumia nafasi hiyo kukijaribu kimoja.

Baada ya waraka, Mwalimu Mkuu Macharia aliliona.

Macharia hakuwa mtu mbaya. Shule hiyo iliwahi kufungwa mwaka 1952, pamoja na nyingine ambazo Waafrika walikuwa wamejiendeshea wenyewe, kisha ikafunguliwa tena chini ya Bodi. Kutokana na hayo alijifunza kwamba shule hufungwa kwa karatasi, na tangu hapo akawa anasoma kila karatasi mara mbili. Alimwita Zedekiah ofisini.

"Fundi, huyu mtoto wako anavua viatu wakati wa sala."

"Ndiyo, mwalimu."

"Hilo ni tendo."

"Na wale wengine?"

"Wale wengine hawavui."

"Hawana."

"Ndiyo maana nasema hawavui."

Zedekiah alifikiri. "Kwa hivyo asali na viatu mguuni? Mbele ya Mungu?"

"Mimi husali na viatu, fundi. Kanisa letu lote pale Thogoto husali na viatu."

Zedekiah alivitazama viatu vya mwalimu mkuu kwa muda. "Hivyo vyako leta Jumatatu," alisema. "Kisigino kimeisha."

Macharia alificha miguu chini ya meza. Alieleza, kwa upole, kwamba katikati ya Novemba mkaguzi angekuja kupitisha majina ya watoto wa kufanya mtihani wa darasa la nne. Aliyefanya na kupita angeendelea na darasa la tano. Asiyefanya angerudi nyumbani, na kwa msichana wa miaka kumi na mmoja kurudi nyumbani kulikuwa ni mwisho wa habari.

"Jina la mtoto anayevunja waraka siwezi kulipeleka," alisema. "Nikilipeleka, watauliza kwa nini nililipeleka. Unanielewa?"

Zedekiah alielewa. Alirudi nyumbani akiwa ameelewa kabisa, na hakula.

Mkewe, Milcah, aliyekuwa akifua nguo katika nyumba ya Wazungu kule Spring Valley na kuzoea kuondoa madoa ya watu wengine, aliliona jambo hilo kuwa jepesi.

"Baba Awiti, aende miguu mitupu kama wenzake. Mungu ataona mguu, ataridhika. Mwalimu ataona mguu, ataridhika. Shida iko wapi?"

"Mtoto wa fundi viatu atembee miguu mitupu?"

"Kwani wateja wako wako Riruta?"

Jumatatu Awiti akaenda miguu mitupu. Jumatatu hiyohiyo akarudi na barua. Macharia alikuwa na faili nyingine, ya mambo ya afya, na ndani yake waraka wa mwaka 1955 kuhusu minyoo, ulioamuru kwamba mwanafunzi yeyote mwenye viatu aje shuleni navyo. Macharia hakuupenda waraka mmoja kuliko mwingine. Alizitii faili zote.

"Kwa hivyo avae kwa sababu ya minyoo," Zedekiah alimwambia kesho yake, "na asivue kwa sababu ya Mungu."

"Sasa tunaelewana," alisema Macharia, bila furaha.

Jioni hiyo Awiti, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda akifanya hesabu za sehemu, aliuliza bila kuinua macho:

"Baba, nikisali na viatu ndio nifanye mtihani, Mungu atauliza mimi ama wewe?"

Zedekiah alimwambia amalize hesabu. Katika kanisa lake alijulikana kwa kusema sana.

Kesho yake alishona vibaya. Pritam Singh, aliyekuwa ametoka barazani kunywa chai, aliinua jozi moja akaigeuza.

"Arre, fundi! Hii karani iko na mguu mbili ya kushoto?"

Ilibidi Zedekiah asimulie yote. Pritam alisikiliza mpaka chai ikapoa. Mwanawe alikuwa akienda shule ya Wahindi na kilemba kichwani, na hakuna aliyewahi kukiita tendo. Lakini hiyo ilikuwa shule nyingine, yenye Bodi nyingine, kama kila kitu kilivyokuwa mjini wakati huo.

"Sisi gurudwara, kanisa yetu, pia natoa viatu," alisema Pritam. "Lakini hapana toa ndani, mbele ya Mungu, watu yote naona. Natoa mlangoni. Mlangoni hapana dini, fundi. Mlangoni iko matope tu."

"Mlangoni," alisema Zedekiah.

"Jenga rafu. Mbao mimi nitakupa, ile ya masanduku. Na hii viatu ya karani fungua tena, bwana, kabla yeye hajakuja."

Kwa jioni nne Zedekiah alipiga misumari nyuma ya duka. Aliipeleka rafu Riruta kwa mkokoteni, na watu wa Dagoretti wakamuuliza njiwa ni wa bei gani, kwa maana ilikuwa na vyumba arobaini.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Wazazi walikuwa wamechanga wakaweka saruji katika darasa kubwa, ambamo sala ilifanyiwa, na udongo mwekundu wa Riruta ulikuwa ukiingia humo kila asubuhi kana kwamba umeandikishwa. Macharia aliizunguka rafu mara mbili.

"Hii ni ya dini?"

"Ni ya matope."

Mwalimu mkuu aliingia ofisini. Aliusoma waraka wa minyoo na kuona kwamba unasema mtoto aje shuleni na viatu. Kuhusu darasani haukusema. Akausoma waraka wa sala na kuona kwamba matope hayakutajwa. Alitoka akitabasamu, jambo ambalo muhula huo halikuwa limeonekana, akabandika tangazo la mkono wake mwenyewe: *Kila mwenye viatu ataviacha rafuni kabla ya kuingia, kwa ajili ya usafi wa sakafu.*

"Lakini vyumba arobaini, fundi? Mwenye viatu ni mmoja."

"Leo," alisema Zedekiah.

Tangu asubuhi iliyofuata Awiti aliviweka viatu vyake katika chumba cha kwanza juu kushoto, akaingia, akasimama, akafumba macho kama mtu mwingine yeyote. Macharia mwenyewe alitii tangazo lake. Yule msichana jirani alilalamika kwamba sasa viatu viko mbali.

Mkaguzi alifika tarehe 14 Novemba. Gari lake lilikuwa limekwama bondeni, naye, Mzungu mrefu mwenye koti la mvua, alimalizia safari kwa miguu. Matope yalimfika kwenye vifundo. Alisimama mlangoni, akasoma tangazo, akatazama rafu, akatazama sakafu iliyokuwa iking'aa.

"Rafu mzuri sana hii," alisema. "Nani fundi?"

"Mzazi, bwana," alisema Macharia.

Mkaguzi hakuwa mtu wa kuvunja tangazo mbele ya watoto. Aliketi kwenye jiwe, akafungua kamba, akaweka viatu vyake karibu na vile vya kahawia. Macharia akasoma mistari minne. Mkaguzi alisimama karibu na ubao, kichwa kimeinama, soksi za kijivu, ya kulia ikiwa na tundu penye kidole gumba. Wanafunzi mia moja na tisini walikuwa wamefumba macho, na wote wakaliona.

Baada ya sala alipitisha majina. La Awiti lilikuwa la sita. Alifanya mtihani wiki iliyofuata, akapita, na Januari akaanza darasa la tano katika shule nyingine, mwendo wa nusu saa kila asubuhi, viatu mguuni. Alipoondoka, rafu ya Riruta ilikuwa na jozi nne.

Taarifa ya mkaguzi imo katika daftari la shule. Inasema kwamba sala ilifanywa kwa kufuata waraka kikamilifu, na kwamba hakuna mtu yeyote, mkubwa wala mdogo, aliyeonekana kutenda tendo la dhehebu lolote. Aliiandika akiwa amesimama na soksi, kwa sababu viatu vyake vilikuwa bado havijakauka.