Somo la Amerika la Bi Mahfoudha

Ukimwambia mtu wa Khuwair ya Kusini, mtaa wa Maskati, kuwa Bi Mahfoudha amesomea mambo ya Amerika, swali lake la kwanza ni lile lile: nani atashinda uchaguzi? Harusini anaulizwa, msibani anaulizwa. Hata daktari wa meno alimuuliza naye kinywa kimejaa pamba, masikini wa Mungu asiweze kujibu ila kwa kuguna. Utadhani yeye ndiye anayezihesabu hizo kura! Siku akichoka hujibu, "Mimi nimesoma siasa, sikusoma kupiga ramli." Watu hucheka, kisha humuuliza tena.

Swali la pili ndilo linalomkera khasa. Ati, ameshafika huko? Hajafika. Majimbo hamsini anayataja bila ya kuvuta pumzi, anajua mswada unavyokwama baina ya mabaraza yao mawili, anajua wanavyogombana miaka nenda miaka rudi juu ya nani amlipie mgonjwa matibabu, lakini safari yenyewe haikuwahi kutimia. Mwaka huu mama yake yuko hospitali, mwaka ule binti anajifungua, na mwaka aliopata mwaliko wa mkutano viza ilitoka mkutano umeshafungwa. Basi watu wakisikia hajafika humtazama kwa jicho la kumsikitikia, naye hujiuma ulimi.

Alizaliwa Unguja akaletwa Maskati ana miaka sita. Kiarabu alikipata skuli, Kiingereza alikipata kwa ubishi. Shahada yake ya pili aliisoma kwa masafa, watoto wangali wadogo, riwaya za Wamarekani zimesimamishwa baina ya mtungi wa sukari na ukuta, kurasa zao zinanuka vitunguu mpaka leo. Na alipokwisha kusoma yote hayo, chuo kimoja cha binafsi kikamuajiri kusomesha nini? Uandishi wa barua za ofisi. Miaka ishirini, jamani! Miaka ishirini ya "Rejea barua yako ya tarehe fulani."

Miaka sita ya mwisho alikuwa akiomba jambo moja tu, apewe somo la siasa na fasihi ya Amerika. Mkuu wa idara alikuwa Humam, kijana aliyepita mikononi mwake, Bi Mahfoudha ndiye aliyemfundisha kuandika barua ya kuomba kazi. Humam ana heshima zake, humwita Mwalimu na humfungulia mlango, na kila mwaka humwambia inshallah. Inshallah ya Humam ilikuwa haina mwisho wala mwanzo. Mwaka wa saba akamkubalia, lakini kwa majaribio: wanafunzi kumi na wanne, muhula mmoja, kisha kamati ya masomo ikae iamue kama somo libaki au lifutwe. Tangu aolewe Bi Mahfoudha hakuwahi kukitaka kitu kama alivyotaka lile somo libaki.

Na alilisomesha, wallahi. Kila wiki huwapa hadithi moja kutoka huko, na hadithi ikimalizika huwapa suala la sera linalotoka ndani yake, wakalijadili. Pande hazichaguliwi. Kila mtu huchota kikaratasi kutoka katika kopo la biskuti, na ulichokichota ndicho utakachokitetea, ukiamini usiamini. Mwanzo vijana walitahayari, maana kwao mtu kusema asiloliamini mbele za watu ni jambo gumu. Kufika wiki ya nne walikuwa wanaliwahi darasa kabla hajafika mwenyewe.

Wiki ya nane hadithi ilikuwa ya mama mtu mzima mwenye watoto watatu katika miji mitatu, kila mmoja anampa sababu, mpaka mama akaishia katika nyumba ya kulelea wazee. Suala likawa: mzazi akizeeka, ni mzigo wa nani, mtoto au serikali? Ayman akachota upande wa mtoto. Hadeel, msichana mpole ambaye hata kukohoa huomba ruhusa, akachota serikali.

Lo! Yule mpole alisimama akawa mtu mwengine. Alisema mapenzi hayalazimishwi kwa sheria. Alisema wanaobebeshwa wazee ni mabinti, kaka zao wako kazini wanapandishwa vyeo. Alisema mtoto hakuomba kuzaliwa, hana deni la kulipa, na nchi tajiri isijifiche nyuma ya migongo ya wanawake. Ayman aliposimama alisema, "Mama ni mama," akakaa. Darasa lilipiga makofi, na Bi Mahfoudha alirudi nyumbani akitabasamu peke yake ndani ya gari. Hakujua kuwa mmoja wao alikuwa na simu mkononi.

Kesho yake nusu dakika ya Hadeel ilikuwa katika kikundi cha Wasap cha ukoo wao, watu mia na arubaini, kuanzia Maskati mpaka Dubai mpaka Unguja. Makofi hayamo, Ayman hayumo, kopo la biskuti halimo. Imo sura ya Hadeel na kidole chake juu. Na kwa kuwa alisema Kiingereza, shangazi yake mmoja akaona awafanyie watu hisani, akatia sauti ya Kiswahili: "Sikilizeni, huyu mtoto wa Sleiman anasema wazee wetu tuwatupe kwa serikali."

Bibi yake Hadeel, Bi Zayana, anaishi nyumba moja nao. Aliisikiliza ile sauti mara tatu. Kisha akafungasha nguo zake katika begi la Hija, akakaa kitini karibu na mlango, akasema apelekwe kijiji cha Yiti kwa mwanawe mwengine, kabla serikali haijaja kumchukua. Hadeel alilia, akaapa, akaeleza habari ya vikaratasi. Bibi akamuuliza, "Na ile sura ni ya nani, kama si yako?" Siku mbili hakugusa chakula chao. Ndipo Sleiman, babake Hadeel, alipompigia simu mwalimu.

"Bi Mahfoudha, mimi sikulaumu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Lakini mama yangu hali."

Bi Mahfoudha alikata simu akazunguka sebuleni. "Hawa watu wana wazimu! Darasani mtu anafanya zoezi, nyumbani wanatoana roho?"

Mumewe Murshid alikuwa anakunywa chai. "Twende tukamtake radhi huyo bibi, yaishe."

"Radhi ya nini? Mimi nimekosa nini?"

"Hukukosa kitu. Ndiyo maana itakuwa nyepesi."

Na hapo mtu asiyekuwa wao hawezi kuelewa. Kwa watu hawa radhi haitakwi na mkosa peke yake. Moyo wa mtu mzima ukivunjika mbele yako, unakwenda, unabeba halua, unambusu mkono, unasema nimekukosea, na hakuna anayekuuliza umekosa wapi. Bi Mahfoudha ameitaka radhi namna hiyo mara elfu katika maisha yake, kwa mama mkwe, kwa mawifi, kwa jirani aliyelalamikia moshi wa udi. Basi alijitanda buibui lake zuri, akabeba halua, akaenda.

Bi Zayana alikuwa pale pale kitini, begi miguuni. "Shikamoo, Bi Mkubwa," alisema Bi Mahfoudha, akapiga magoti, akaubusu ule mkono mkavu. "Nimekuja kukutaka radhi. Kosa ni langu. Mjukuu wako alisema nilichomsemesha mimi."

Bibi alimuinua. "Nnakusamehe, mwanangu. Mimi nilidhani wamechoka nami, hawajui wanipitishie wapi hilo neno." Akafunua kikawa kilichofunika ile halua, akachota kwa vidole viwili akala. Sleiman aligeuza uso asionekane macho. Kabla kahawa haijapoa begi lilikuwa limesharudi chumbani, na Bi Mahfoudha njiani alimwambia mumewe kuwa kumbe nyepesi kweli.

Wiki tatu baadaye kamati ya masomo ilikaa. Bi Mahfoudha aliingia na faili lake: alama za wanafunzi, insha zao, majina ya thelathini na mmoja waliokwisha kujiandikisha kwa mwaka unaofuata. Humam alikuwa ameinamia karatasi moja, hataki kuinua macho.

"Mwalimu, kuna barua hii," alisema. "Imetoka kwa mzazi."

Ilikuwa ya Sleiman. Na haikuwa ya mashtaka, afadhali ingekuwa! Ilikuwa barua ya shukrani, ukurasa mzima, kwa chuo kilichokuwa na mwalimu muungwana kama huyu, aliyekuja mwenyewe mpaka nyumbani, akapiga magoti mbele ya mama yake mzee, akakiri kuwa kosa ni lake na kwamba yeye ndiye aliyemsemesha binti maneno yale. Familia imemsamehe kabisa. Sleiman aliomba chuo nacho kimsamehe.

Bi Mahfoudha alihisi masikio yanamwaka moto. Mjumbe mmoja wa kamati, bwana wa sheria, akafungua kalamu yake. "Ulikwenda kutaka radhi, au hukwenda?"

"Nilikwenda."

"Ulisema kosa ni lako?"

"Nilisema."

"Na ulikuwa na kosa?"

Jibu alikuwa nalo ncha ya ulimi, jepesi: sikuwa na kosa, ile ilikuwa adabu tu, nyote humu mna mama zenu na mnajua. Lakini mke wa Humam ni binamu wa Hadeel, na bwana wa sheria husali msikiti mmoja na Sleiman. Neno lingetoka mle chumbani likafika kwa Bi Zayana kabla ya alasiri: yule mwalimu amesema radhi yake ilikuwa ya uongo. Na begi lingerudi mlangoni.

"Niliwakosea wale watu," alisema Bi Mahfoudha.

Bwana wa sheria akaandika. Humam alisema kwa sauti ya chini kuwa katika hali hiyo kamati haina njia, mwalimu mwenyewe amekiri, somo lifutwe, na Mwalimu arudishiwe barua za ofisi, ambazo hakuna anayezisomesha kama yeye. Hilo la mwisho alilisema kwa heshima kabisa. Kisha akamfungulia mlango.

Hadeel alikuwa anamngoja ukumbini. Habari ilikuwa imeshamfikia, jinsi habari zinavyofika katika mji huu. Machozi yalikuwa yanamshuka naye hajali nani anamuona.

"Mwalimu, ungesema! Ungesema ilikuwa adabu tu. Wewe ndiye unayetufundisha kujibu!"

"Na bibi yako?"

"Bibi angepoa."

"Hangepoa, Hadeel. Umri ule watu hawapoi, huondoka."

"Basi umekasirika na sisi?"

Hapo Bi Mahfoudha aliliweka faili juu ya dirisha. "Nna hasira, nisikufiche. Nna hasira na baba yako aliyenishukuru. Nna hasira na bibi yako aliyenisamehe. Nna hasira na Humam aliyenifungulia mlango, na mimi niliyepiga magoti. Ningempata mmoja tu aliyenitakia mabaya ningemuandama mpaka mahkamani." Alimpangusa yule mtoto machozi kwa ncha ya mtandio. "Hakuna hata mmoja, mwanangu. Nyote mmenifanyia wema, na somo langu limekufa."